Kujifunza stadi za kitabibu kwa simu yenye uhalisia ulioboreshwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi na walimu wa Mwanza

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na utabibu walioko Mwanza na mikoa ya Kanda ya Ziwa, pamoja na walimu wanaowasimamia wodini na kwenye chumba cha stadi. Mimi ni mmoja wa walimu hao. Msimamo wangu nautaja mapema ili usome majibu ukiwa unaujua: mgonjwa hastahili kuwa mtu wa kwanza ambaye mkono wako unahangaika juu yake kutafuta pa kushika. Simu inaweza kukusaidia kabla hujamfikia. Ukishamfikia, kazi ni ya mkono, sikio na mwalimu.

Uhalisia ulioboreshwa ni kitu gani?

Ni kuona kitu kilichochorwa na kompyuta kikiwa kimekaa juu ya kitu halisi kilicho mbele yako. Unaelekeza kamera kwenye kifua cha mwenzako aliyelala mezani. Kwenye kioo cha simu unaona kifua kilekile na shati lilelile, ila moyo na mapafu vimeonekana mahali pake. Ukizunguka meza, moyo nao unauona kwa ubavu.

Uhalisia pepe ni jambo jingine. Huko unavaa miwani mikubwa inayofunika macho, na chumba ulichomo hukioni tena. Kwa mafunzo ya stadi napendelea huu unaotumia simu, kwa sababu mwenzako bado unamwona na meza bado unaiona, na hatimaye utamgusa mtu halisi, si picha.

Wazo lenyewe lina umri. Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani chenye michoro ya kompyuta mwaka 1968, na jina la teknolojia hii lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa wahandisi wa Boeing waliotaka kuwaonyesha mafundi wa ndege nyaya zinapotakiwa kupita. Kilichoifikisha kwetu ni simu. Mwaka 2017 Apple walitoa ARKit, zana ya kutengenezea programu za aina hii, na mwaka 2018 Google wakatoa ya kwao, ARCore, na tangu hapo simu ya mfukoni ikaweza kazi iliyokuwa ikihitaji mitambo ya maabara.

Simu inajuaje moyo ukae wapi?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni alama ya karatasi: mchoro wa nyeusi na nyeupe uliochapishwa, unaoubandika mahali maalumu, tuseme kwenye ncha ya chini ya mfupa wa kidari. Kamera ikiuona, programu inapima ukubwa na mlalo wake na kujua ilipo. Njia ya pili haihitaji karatasi. Simu inatafuta vijidoa na kona zinazotofautiana kwenye picha, inavifuatilia unavyotembea, na inalinganisha na vifaa vya ndani vinavyohisi mwendo na mzunguko wa simu.

Ndiyo maana shuka jeupe na sakafu ya vigae inayong'aa huisumbua: haioni cha kushikilia, na kiungo kinaanza kuelea. Tandika kitenge chenye maua mengi juu ya meza. Hakuna kifaa cha kununua kinachotuliza picha kwa urahisi kama hicho. Kaa pia mbali na dirisha linaloingiza jua kali la mchana.

Simu yangu ni ya bei ya kawaida. Itaweza?

Kwa njia ya alama ya karatasi, simu janja nyingi zinaweza, hata zile za bei nafuu, na nyingine zinafanya hivyo kupitia kivinjari tu bila kusakinisha programu. Kwa njia isiyo na alama, unahitaji Android 7.0 au zaidi na simu iliyo kwenye orodha iliyothibitishwa na Google. Simu mpya ya bei ya chini inaweza isiwemo kwenye orodha hiyo wakati ya zamani ya bei kubwa imo. Kwa iPhone, kuanzia 6s.

Usitumie bumu lako kununua simu mpya kwa ajili ya hili. Kikundi cha wanafunzi watatu kinahitaji simu moja, tena nitaeleza hapa chini kwa nini watatu ni bora kuliko mmoja. Ujue pia kwamba kamera na mchoro vikifanya kazi pamoja simu inapata moto na chaji inaisha haraka. Fanya kwa vipindi vifupi.

Kwa nini tusiende wodini moja kwa moja? Wagonjwa wapo wengi.

Swali hili naliheshimu, maana ni kweli. Hospitali ya Bugando inapokea rufaa kutoka kanda nzima, Kagera mpaka Simiyu, Mara mpaka Geita, na mwanafunzi anayesomea hapa anaona magonjwa ambayo wenzake wa nchi nyingine wanayasoma vitabuni. Lakini wingi wa wagonjwa hauna maana kwamba kila mwanafunzi anapata nafasi. Kitanda kimoja kinazungukwa na kundi la wanafunzi, walio mbele wanashika, walio nyuma wanaona migongo ya wenzao. Na mgonjwa ambaye tumbo lake limeshikwa na mikono mingi tangu asubuhi ana haki ya kusema imetosha.

Mwaka 1990 George Miller aliweka ngazi nne ambazo walimu wa udaktari bado wanazitumia: mwanafunzi anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha anavyofanya, kisha anafanya kazini. Tatizo letu liko kati ya ngazi ya pili na ya tatu. Mtu amesoma hatua zote za kuweka kanula, yaani mrija mdogo unaoingizwa kwenye mshipa wa damu, anazitaja bila kukosea, lakini mkono wake haujui uanzie wapi. Ukienda wodini na mkono wa namna hiyo, mgonjwa ndiye anayelipa gharama ya somo. Simu inakupa nafasi ya kukosea mara nyingi bila mtu kuumia, ukiwa hosteli, saa unayoitaka wewe.

Nipe mfano wa stadi moja, mwanzo mpaka mwisho.

Nachagua kupima bandama, kwa sababu pwani ya ziwa hili haikuruhusu kumaliza masomo bila kuijua.

Kichocho cha tumbo kimeenea sana visiwani na kwenye mialo. Minyoo inaishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake mengine yanabebwa na damu mpaka kwenye ini. Yanakwama huko, ini linaweka makovu kuzunguka matawi ya mshipa unaoleta damu kutoka utumboni, na kwa miaka presha ndani ya mshipa huo inapanda. Damu inarudi nyuma. Bandama inavimba, mishipa ya koo la chakula inatanuka, na siku moja mvuvi ambaye hakuwa na maumivu makubwa anatapika damu. Dawa ya praziquantel inaua minyoo, lakini kovu kubwa lililokomaa haliondoki kirahisi.

Sasa zoezi. Mwenzako analala chali, magoti yamekunjwa kidogo. Alama ya karatasi inakaa kwenye ncha ya kidari. Kabla hujawasha simu, weka mkono mahali unapodhani bandama ipo. Washa. Karibu kila mwanafunzi anashangaa ilivyo juu na ilivyo nyuma, imejificha chini ya mbavu za kushoto, ya tisa mpaka ya kumi na moja. Bandama ya mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huishiki.

Halafu unavuta kitufe cha ukubwa. Bandama inakua, inatoka chini ya mbavu, inashuka kwa mshazari kupita karibu na kitovu kuelekea nyonga ya kulia. Hapo ndipo mwanafunzi anaelewa kwa nini mwalimu wake anamkataza kuanza kushika chini ya mbavu za kushoto. Bandama kubwa sana ukiianzia huko, mkono wako unatua juu yake katikati, ukingo wake hauupati, na unaandika kwenye faili kwamba tumbo ni la kawaida. Unaanza nyonga ya kulia, unapanda kwa mshazari, mgonjwa akivuta pumzi unasubiri ukingo uje kukugusa vidole. Kanuni hii nimeisikia ikikaririwa na wanafunzi wasiojua sababu yake. Wakiiona bandama ikisafiri juu ya tumbo la mwenzao, hawaikariri tena.

Mwisho zima simu na urudie zoezi lote bila picha. Kisha wodini, na mwalimu.

Na kutoa maji ya uti wa mgongo?

Utaratibu wangu hapa ni mmoja na siubadilishi: kidole kwanza, simu baadaye. Mwenzako anakaa ameinama au analala ubavu amejikunja. Tafuta kwa vidole ncha za juu za mifupa ya nyonga, pande zote mbili. Mstari unaoziunganisha unapita kwenye pingili ya nne ya kiuno au jirani yake. Weka kidole kwenye nafasi unayoichagua, chora nukta kwa kalamu, ndipo umwambie mwenzako wa pili aelekeze simu. Utaona pingili zimejipanga chini ya ngozi, na utaona uti wenyewe wa mtu mzima unaishia takriban kwenye pingili ya kwanza au ya pili. Hapo unajua kwa nini sindano inaingia chini ya hapo.

Ukitanguliza simu, unafundisha macho kufuata mchoro na kidole kinabaki mjinga. Siku ya kazi mchoro haupo.

Basi si niitumie hiyo simu wakati namchoma mgonjwa?

Hapana. Mchoro unaouona ni wa mwili wa mfano, si wa mgonjwa huyo. Hata ukiwa umetulia vizuri, unaweza kuhama kwa sentimita moja au zaidi simu ikitikisika, na sentimita moja kwenye uti wa mgongo ni nyingi. Kuna vifaa vya hospitali vilivyotengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo, kama vile vinavyotumia mwanga usioonekana kwa macho kuonyesha mishipa ya mkono. Hivyo ni vifaa vya tiba. Programu ya kujifunzia uliyopakua si kifaa cha tiba. Tena simu imeshikwa sokoni, kwenye daladala na chooni. Haina kazi karibu na vifaa vilivyotakaswa, na hata kwenye chumba cha stadi ipanguse kwa spiriti ya asilimia 70 kabla na baada.

Huku ziwani watu wanazama. Je, simu inaweza kufundisha kukandamiza kifua?

Inasaidia sehemu. Kwa mtu mzima kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina ni sentimita 5 hadi 6, na kifua kiachwe kirudi juu kabisa kila mara. Ukiweka mchoro wa moyo juu ya mdoli, unaona vyumba vyake vikibanwa na kujaa, na unaelewa kwa macho kwa nini kutoruhusu kifua kirudi kunaunyima moyo damu. Kasi nayo simu inaweza kukuhesabia. Kina hapana: kina kinajulikana kwa mdoli mwenye springi ndani, na mikono inayochoka.

Kwa aliyezama usisahau tofauti. Shida yake ilianza kwa kukosa hewa, kwa hiyo huanzishiwa pumzi kabla ya kukandamizwa kifua. Programu nyingi zimeundwa kwa mtu aliyeanguka kwa ugonjwa wa moyo na hazisemi hivyo. Mwanafunzi wa Mwanza lazima aambiwe na mwalimu wake.

Ni mambo gani simu haifundishi kabisa?

Mguso: ugumu wa ini, joto la jipu, ule mvuto mdogo sindano inapopita utando. Harufu. Sauti ya mtu anayeficha maumivu.

Na mazungumzo. Bibi aliyetoka Magu au Sengerema anayezungumza Kisukuma zaidi kuliko Kiswahili hatakwambia dalili zake kwa sababu umejua anatomia. Atakwambia kwa sababu umemsalimia vizuri, mwangaluka ikiwa asubuhi, umekaa ukalingana naye, na umemwuliza ruhusa kabla ya kufunua nguo yake. Nimewaona wanafunzi wenye mikono mizuri wakikosa ugonjwa kwa sababu waliharakisha hapo.

Kuna ushahidi kwamba inafundisha, au ni kitu cha kuvutia macho tu?

Ushahidi upo, wa kiasi. Chuo cha udaktari cha Hannover, Ujerumani, kilijaribu programu ya simu ambapo mwanafunzi anabandika karatasi kwenye mwili wake mwenyewe na kuona jeraha au ugonjwa wa ngozi umetokea hapo. Jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2013, lilikuwa la wanafunzi wachache sana. Jingine la mwaka 2017 lilikuwa na wanafunzi 44: mara baada ya somo hapakuwa na tofauti kubwa kati ya makundi, ila walipopimwa tena baada ya siku 14, waliotumia uhalisia ulioboreshwa walikuwa wamesahau mambo machache kuliko wenzao.

Mimi nalisoma hivi: faida haipo kwenye kushangaa siku ya kwanza, ipo kwenye kukumbuka. Lakini majaribio hayo yalipima ujuzi wa kichwani. Kama mkono unafanya vizuri zaidi kwa mgonjwa, hilo ni swali jingine, na mwalimu yeyote anaweza kulipima kwa kundi lake mwenyewe.

Picha za magonjwa ya ngozi kwenye programu hizi hazifanani na wagonjwa wetu. Tufanyeje?

Umeona sawasawa, na jambo hili linaniuma. Michoro mingi imetengenezwa kwa ngozi nyeupe, na maelezo yanasema "wekundu". Kwenye ngozi yetu uvimbe wa ngozi mara nyingi unaonekana wa zambarau, kijivu au mweusi zaidi ya eneo la jirani. Upungufu wa damu utafute ndani ya kope la chini, kwenye viganja na ulimi. Manjano itafute kwenye weupe wa jicho, kwenye mwanga wa dirisha. Ubluu wa kukosa hewa uangalie kwenye ulimi na ndani ya midomo. Programu isiyoonyesha haya usiitumie kwa somo la ngozi, hata kama ni nzuri kwa mifupa. Na kama kikundi chenu kinatengeneza programu, anzeni na rangi zetu.

Nikishika simu nabaki na mkono mmoja. Nitafanyaje kazi ya mikono miwili?

Ndiyo sababu nasema watatu. Mmoja anafanya, mmoja anashika simu, wa tatu ana karatasi ya hatua na anatia alama bila kusema neno mpaka mwisho. Halafu mnabadilishana. Yule mwenye karatasi mara nyingi ndiye anayejifunza zaidi. Ukiwa peke yako, egemeza simu kwenye stendi na ukubali kwamba utaona upande mmoja tu.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni daktari wa siku nyingi, nimefundisha bila haya yote na wanafunzi wangu wanafanya kazi vizuri. Kwa nini nibadilike?

Shikamoo Daktari. Hakuna anayekuomba uache unachofanya. Ninachoomba ni dakika zako chache uangalie programu ambayo wanafunzi tayari wanaitumia hosteli, kwa sababu ni wewe utakayegundua pale inapodanganya.

Unayakumbuka pia mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yaliyozinduliwa mwaka 2010, ya mdoli wa kujazwa maji na mfuko wa kupulizia hewa. Hayakuwa na umeme wala kioo. Utafiti wa kabla na baada katika hospitali nane za Tanzania, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Kilichofanya kazi kilikuwa zoezi jepesi la kupatikana, watu waliweza kulirudia karibu na walipofanyia kazi. Simu naitaka kwa sababu hiyohiyo. Kama una mdoli mzuri na muda wa kukaa na wanafunzi wako, simu yao inaweza kubaki mfukoni.

Kwenye OSCE nitaruhusiwa simu?

Hutaruhusiwa. Mtihani huo wa vituo, ulioanzishwa na Ronald Harden kule Dundee na kuchapishwa mwaka 1975, unapima unachoweza ukiwa na mikono yako na mgonjwa. Jipange mapema: mara za kwanza na picha, halafu picha mwishoni tu kwa kujisahihisha, wiki za mwisho bila picha kabisa.

Naweza kumpiga picha mgonjwa ili tuitumie kwenye mazoezi?

Si kwa simu yako, na si kwa uamuzi wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi linalolindwa zaidi. Kuna ridhaa ya maandishi, kuna kamati ya maadili, kuna uongozi wa hospitali. Hata kuinua simu tu kitandani kunamtia mgonjwa wasiwasi kwamba anapigwa picha, hata kama unaangalia saa. Mazoezi yafanyike kwa wenzako na midoli.

Nimepangiwa mazoezi ya vitendo Ukerewe. Mtandao ukisumbua?

Pakua kila kitu ukiwa bado chuoni kwenye intaneti ya bure, kisha zima data na ujaribu kufungua programu. Ikikataa bila mtandao, ujue kivukoni Kisorya itakataa pia. Chapisha alama za karatasi kadhaa na uziwekee nailoni, mvua na jasho huziharibu. Beba pawabenki.

Tunataka kutengeneza ya kwetu. Tuanzie wapi?

Anzeni na stadi moja, iliyo ndogo. Blender inatengeneza michoro ya pande tatu bila malipo, na 3D Slicer inabadilisha picha za CT, yaani skani za ndani ya mwili, kuwa umbo la kiungo, nayo ni ya bure. Picha za CT ziondolewe jina, tarehe na kila kinachomtambulisha mtu, kwa kibali. Mkalishe kijana wa kompyuta pamoja na muuguzi anayefanya stadi hiyo kila siku. Sista aliyeweka kanula kwa watoto miaka mingi anajua mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote: mtoto ashikweje, mama akae wapi, mshipa upi unadanganya. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na majina ya kitaalamu yabaki, kwa sababu mwanafunzi atayahitaji yote mawili kwa siku moja.

Nimeona kosa kwenye programu. Nimwambie nani?

Kwanza hakikisha kwa kitabu cha anatomia na mwalimu, maana wakati mwingine ni alama imebandikwa vibaya. Kama kosa ni la kweli, piga picha ya kioo cha simu, andika jina la programu na toleo lake, watumie watengenezaji kupitia Play Store, na uwaambie wenzako siku hiyohiyo kwenye kundi la darasa. Stadi hiyo isimamishwe kwenye simu mpaka irekebishwe. Stadi nyingine ndani ya programu hiyo zikaguliwe na mwalimu moja moja kabla hamjaendelea.